Mbunifu Anapokaidi Siasa za Wenzake: Kumsusia, Kumuunga Mkono, Kumkosoa au Kununua Kazi Yake Tu

Mwezi Juni 2017 nyumba ya mitindo ya Dolce & Gabbana, yenye makao yake Milan, iliingiza sokoni fulana nyeupe yenye maandishi ya kuwahimiza watu waisusie Dolce & Gabbana. Bei yake ilikuwa dola 245, na ilitangazwa kwa video iliyoonyesha vijana wakiandamana kwa maigizo dhidi ya kampuni ileile iliyowaajiri. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo, Stefano Gabbana, mmoja wa wabunifu wawili wenye nyumba hiyo, alikuwa akijivunia katika ukurasa wake wa Instagram kila Melania Trump, mke wa Rais wa Marekani Donald Trump, alipoonekana amevaa nguo yake, na waliomlaumu aliwajibu kwa kejeli. Fulana ile ilikuwa kilele cha majibizano hayo: nisusieni mnavyotaka, lakini hata fulana ya kunisusia mtainunua dukani kwangu.

Sisi tuliolelewa kwa kusoma majina ya kanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Barack Obama alipochaguliwa mwaka 2008 zilitoka kanga za kumpongeza, zenye picha yake na maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu", na sikumsikia mtu akiuliza kama kitambaa kina ruhusa ya kuingia katika siasa. Swali gumu huja pale aliyekitengeneza kitambaa anapokwenda kinyume na wenzake wote wa kazi, nawe umesimama katikati: unaipenda kazi yake na huupendi msimamo wake, au unaukubali msimamo wake huku watu unaowaheshimu wakimlaani. Wapo wanaokushauri umsusie, wapo wanaokushauri ununue kwa makusudi ili kumtia moyo, wapo wanaoona inatosha kumkosoa hadharani, na wapo wanaosema gauni ni gauni. Makala haya yanaziweka njia hizo nne ubavu kwa ubavu.

Kaida yenyewe na walioikaidi

Ili kupima ukaidi ni lazima kwanza kuijua kaida. Oktoba 2016 toleo la Marekani la jarida la mitindo la Vogue lilitangaza kumuunga mkono Hillary Clinton, jambo ambalo halikuwahi kulifanya kwa mgombea urais yeyote katika historia yake. Baada ya Donald Trump kushinda, mbunifu Sophie Theallet, Mfaransa anayefanya kazi Marekani na ambaye alikuwa amemvisha Michelle Obama kwa miaka mingi, alitoa barua ya wazi tarehe 17 Novemba akisema hatashiriki kumvisha mke wa rais mteule, na akawaomba wenzake wafanye vivyo hivyo. Marc Jacobs naye alisema hana hamu ya kazi hiyo. Februari 2017, katika wiki ya mitindo ya New York, chama cha wabunifu wa Marekani kiligawa beji za waridi za kuunga mkono shirika la afya ya uzazi la Planned Parenthood. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kila aliyekuwamo katika kazi hiyo alijua upepo unaelekea wapi.

Walioukabili upepo huo hawakufanana. Tommy Hilfiger alisema mbunifu yeyote anapaswa kuona fahari kumvisha Melania na kwamba suala hilo lisigeuzwe siasa. Ralph Lauren alishona suti ya buluu hafifu aliyoivaa Melania siku ya kuapishwa kwa mumewe, tarehe 20 Januari 2017, na kampuni ikaeleza kwa maneno ya upole kwamba siku hiyo ni ya taifa zima na kwamba ilitaka kuenzi mtindo wa Kimarekani. Gabbana yeye alijivunia, akadhihaki, kisha akauza fulana.

Hapa pana tofauti ambayo watu wengi waliokasirika waliiruka. Nguo nyingi alizovaa Melania Trump zilinunuliwa dukani kama anavyonunua mteja mwingine yeyote, na mbunifu ambaye nguo yake iliuzwa kwa njia hiyo hajatoa kauli ya siasa kwa sababu tu picha imepigwa. Aliyeshona kwa maombi maalumu amepiga hatua moja zaidi. Aliyeshangilia na kuwacheka wanaoumia amepiga hatua ya tatu, na ni hatua hii ambayo kwa maoni yangu inastahili mjadala mrefu kuliko zile mbili. Kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya nne, jiulize mtu wako yuko katika hatua ipi.

Jambo jingine ni kwamba kaida nayo huzeeka. Januari 2025, Adam Lippes wa New York alipomshonea Melania koti la buluu iliyokolea kwa ajili ya kuapishwa kwa mara ya pili, makelele yaliyosikika yalikuwa madogo sana ukilinganisha na yale ya 2017. Kitendo kilikuwa kilekile, mvaaji alikuwa yuleyule, lakini tasnia iliyomtazama ilikuwa imebadilika au imechoka.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni kufika kwa ujumbe, yaani kama kitendo chako kinamgusa mbunifu mwenyewe au kinaishia kwa marafiki zako. Cha pili ni gharama na yule anayeibeba, kwa sababu mara nyingi anayelipa ni mwingine kabisa. Cha tatu ni njia ya kurudi, kwa kuwa wabunifu huomba radhi, hubadilika au huharibu zaidi, na msimamo usio na mlango wa kutokea humfunga aliyeuchukua. Cha nne ni aina ya mtu ambaye njia hiyo inamfaa. Sikuweka kigezo cha nani ana haki, kwa sababu hapo kila msomaji amekuja na jibu lake.

Kumsusia

Kufika kwa ujumbe. Tarehe 26 Mei 2017, viongozi wa G7 walipokutana Sicily, Melania Trump alivaa huko Catania koti la Dolce & Gabbana lililojaa maua ya kushonewa, lenye bei ya dola 51,500. Mitandao iliwaka moto. Lakini mtu anayetangaza kulisusia koti la dola 51,500 ambalo asingelinunua hata akipewa miaka ishirini ya kudunduliza anafanana na mtu asiyekula nguruwe anayetangaza kumsusia mchinja nguruwe: tangazo ni la kweli, ila mchinjaji hatalisikia. Ndiyo maana Gabbana aliweza kulifanyia mzaha.

Mwaka uliofuata mzaha ulikwisha. Novemba 2018 kampuni hiyohiyo ilitoa video tatu zilizomwonyesha mwanamke wa Kichina akihangaika kula piza, tambi na kitindamlo cha Sicily kwa vijiti. Kisha zikavuja jumbe za matusi dhidi ya China zilizotoka katika akaunti ya Gabbana, ambazo kampuni ilidai ni kazi ya wadukuzi. Wasanii wakubwa wa China walijitoa, onyesho kubwa lililopangwa kufanyika Shanghai tarehe 21 Novemba likafutwa, maduka makubwa ya mtandaoni yakaondoa bidhaa zake, na baada ya siku mbili Domenico Dolce na Gabbana wakaonekana katika video wakiomba msamaha na kuhitimisha kwa neno la Kichina. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2019, mchango wa eneo la Asia na Pasifiki katika mapato ya kampuni ulishuka kutoka asilimia 25 hadi 22. Haya hayakuwa ukaidi wa kisiasa dhidi ya wenzake wa kazi, yalikuwa dharau kwa taifa zima, lakini yanatufaa kama mizani. Kususia kulifika kwa sababu waliosusia walikuwa wanunuzi wa kweli na kwa sababu milango ya mauzo yenyewe ilifungwa. Hata hivyo mapato ya jumla ya kampuni mwaka huo yalipanda hadi takriban euro bilioni 1.38, na anayetarajia kwamba kususia kutaiangusha nyumba kubwa ya mitindo aitazame tarakimu hiyo kwa makini.

Isisahaulike pia kwamba silaha hii haina upande. Tom Ford aliposema mwishoni mwa 2016 kwamba aliwahi kuombwa amvishe Melania akakataa, mmiliki wa hoteli wa Las Vegas, Steve Wynn, alitangaza kuondoa bidhaa za Ford katika maduka yake. Ford aliifuata kaida, akasusiwa na waliochukizwa na kaida.

Gharama na anayeibeba. Kwa asiye mteja, gharama ni sifuri, na huo ndio udhaifu wa tamko lake. Kwa mteja wa kweli, anayepungukiwa kwanza ni muuza duka anayelipwa kwa kamisheni na mshonaji asiyejua bosi wake ameandika nini Instagram usiku. Na mara nyingine gharama humwangukia mtu ambaye hukumkusudia kabisa: siku ile ya Januari 2017, Hillary Clinton alihudhuria sherehe za kuapishwa akiwa amevaa suti nyeupe ya Ralph Lauren, nyumba ileile iliyoshona suti ya buluu ya Melania. Aliyeisusia kampuni kwa ajili ya ile ya buluu aliisusia pamoja na ile nyeupe.

Njia ya kurudi. Hapa ndipo wengi hukwama. Machi 2015 mwanamuziki Elton John alitoa wito wa kuwasusia Dolce na Gabbana baada ya Dolce, katika mahojiano na jarida la Italia, kuwaelezea watoto wanaopatikana kwa upandikizaji wa mimba (IVF) kuwa ni wa kutengenezwa. Agosti mwaka huohuo Dolce aliomba radhi. Aliyekuwa amesema tangu mwanzo "sitanunua mpaka aombe radhi" alijua la kufanya. Aliyesema "sitanunua kamwe" ilimbidi ama ashikilie neno lake mbele ya mtu aliyekwisha kujirudi, ama arudi dukani kimyakimya. Susia kwa sharti linalotajwa.

Inamfaa nani. Mteja wa kweli, na zaidi ya huyo mwenye duka, mhariri wa jarida, mpangaji wa mavazi ya wasanii na msanii anayevishwa, kwa kuwa hao ndio wanaoshika mlango. Haimfai mnunuzi wa mtumba. Shati la Ralph Lauren linalotundikwa Gikomba au Karume lilikwisha kulipiwa Ulaya au Marekani, na fedha utakayotoa inakwenda kwa aliyefungua belo asubuhi hiyo. Ukilisusia, aliyepoteza ni yeye.

Kununua kwa makusudi

Kufika kwa ujumbe. Njia hii inamfikia mbunifu moja kwa moja, kwa lugha anayoielewa haraka kuliko nyingine yoyote. Tatizo lake ni pumzi. Februari 2017 duka la Nordstrom lilipoacha kuuza bidhaa zenye jina la Ivanka Trump, binti wa rais, Kellyanne Conway, mshauri wa rais, aliwaambia watazamaji wa televisheni akiwa Ikulu waende wakanunue vitu vya Ivanka. Alilaumiwa kwa kutumia wadhifa wake kufanya biashara ya mtu, na Julai 2018 kampuni hiyo ilifungwa. Hamasa ya wiki chache haijawahi kuwa badala ya wateja wanaorudi kwa sababu nguo imewakaa vizuri.

Hoja nzito zaidi ya njia hii ni ya dhamiri, na inatokana, ajabu, na barua ya Theallet. Ikiwa mbunifu ana haki ya kukataa kumvisha mtu kwa sababu ya imani yake, basi mwenzake ana haki hiyohiyo ya kukubali, na umma unaomsifu wa kwanza kwa ujasiri unapaswa angalau kufikiri kabla ya kumwita wa pili mwoga au msaliti. Wanaonunua kwa makusudi wengi wao hawampigii debe mwanasiasa yeyote. Wanaipinga hali ya kazi nzima kuamriwa kusema jambo moja.

Gharama na anayeibeba. Unaibeba wewe, mara mbili. Kwanza mfukoni, kwa kununua kitu ambacho huenda usingekitaka. Pili mwilini, kwa sababu nguo iliyonunuliwa kwa hasira husomwa kama kanga: kila anayekutana nawe anaona jina na kulitafsiri apendavyo, nawe huwezi kutembea na maelezo ya pembeni.

Njia ya kurudi. Ni nyembamba. Aliyenunua ile fulana ya 2017 ili kuwakomoa wakosoaji alijikuta, miezi 17 baadaye, anaulizwa kuhusu video za vijiti, jambo ambalo halikuwamo katika hesabu zake. Ukiunga mkono kitendo kimoja, eleza kwamba ni kimoja.

Inamfaa nani. Mtu anayetaka kumsaidia mbunifu mdogo, mwenye karakana ya mafundi wachache, ambaye kususiwa kwa msimu mmoja kunaweza kumfilisi. Kwa nyumba yenye mapato ya zaidi ya euro bilioni moja, mchango wako wa fulana moja hautaonekana hata kwa darubini.

Kumkosoa hadharani

Kufika kwa ujumbe. Juni 2017, katika onyesho la mavazi ya wanaume la Dolce & Gabbana mjini Milan, mwanamuziki kijana wa Atlanta aitwaye Raury alikuwa mmoja wa waliokodiwa kupita jukwaani. Mwishoni alivua nguo ya juu, na kifuani na mikononi akaonekana ameandika maneno ya kupinga. Alieleza baadaye kwamba kilichomchoma ni ile fulana, kwa sababu iligeuza maandamano, silaha ya watu wasio na silaha nyingine, kuwa kichekesho cha matangazo. Sidhani kama kuna jibu lililowafikia wabunifu hao kwa ukaribu zaidi katika mkasa wote. Lilitoka ndani ya onyesho lao wenyewe, mbele ya kamera walizozialika, na halikumnyima mshonaji hata mshahara wa siku moja.

Ukosoaji mwingine, ule wa kurushiana maneno chini ya picha, una hatima tofauti. Gabbana aliula kama chakula. Kadiri alivyotukanwa ndivyo alivyopata la kujibu, na fulana yenyewe ni ushahidi kwamba tusi lisilo na hoja linaweza kushonwa, kupachikwa bei na kuuzwa.

Gharama na anayeibeba. Anayekosoa kwa jina lake anaweza kulipa vikali. Waendeshaji wa Diet Prada, ukurasa wa Instagram unaokosoa tasnia ya mitindo, waliosambaza jumbe za Gabbana kuhusu China mwaka 2018, walifunguliwa mashtaka Italia na kampuni hiyo, na walipoliweka suala hilo hadharani mwaka 2021 ilifahamika kwamba wanadaiwa mamilioni ya euro. Maneno ya bure yana bei kwa mtu mwenye hadhira kubwa, na anayeandika aweke akiba ya ushahidi: picha za skrini zenye tarehe, nukuu kamili, na mpaka ulio wazi kati ya alichokisema mbunifu na unachokidhania.

Njia ya kurudi. Ni pana kuliko ya kususia. Ukisema "kitendo hiki ni kibaya kwa sababu hii", kesho ukisifu mkono wa koti alilolikata huhesabiwi kigeugeu. Sharti ni kwamba uwe umekosoa kitendo, usiwe umemhukumu mtu mzima.

Inamfaa nani. Mwandishi, mwanafunzi wa ubunifu, mwanamitindo, mteja wa zamani anayeweza kuandika barua yenye jina lake, na kila asiye na fedha za kususia lakini ana hoja. Haimfai mtu anayetafuta tu kupumua hasira.

Kutenganisha kazi na msimamo

Wanaoshika njia hii wana ushahidi mzuri mikononi. Wakati wa kila uchaguzi, fundi wa kuchapa fulana hupokea oda za vyama vyote, huzikausha juu ya kamba moja, na hakuna anayemwomba kadi ya uanachama. Ralph Lauren naye aliwavisha Melania na Clinton siku moja, na mwaka 2021 Joe Biden aliapishwa akiwa na suti ya nyumba hiyohiyo. Ukiitazama historia hiyo kwa pamoja, hasira ya Januari 2017 dhidi ya Lauren inaonekana kama kumkasirikia mwenye hoteli kwa sababu ya mgeni aliyelala chumba cha jirani.

Kufika kwa ujumbe. Hakuna ujumbe, na anayechagua njia hii akubali hivyo. Ukimya wake utatafsiriwa na wengine, nao hawatamwomba ruhusa.

Gharama na anayeibeba. Ni ndogo, isipokuwa kwa anayeguswa moja kwa moja. Mzazi aliyempata mwanawe kwa upandikizaji hakuwa katika nafasi ya kuambiwa mwaka 2015 kwamba gauni ni gauni, na Mchina aliyeziona zile video hakuwa katika nafasi hiyo mwaka 2018. Kutenganisha ni rahisi kwa asiyetajwa. Zaidi ya hayo, njia hii inategemea mbunifu mwenyewe akuruhusu kuifuata. Lauren alinyamaza baada ya tamko moja la adabu, kwa hiyo suti yake inaweza kutazamwa kama suti. Gabbana aliibandika siasa juu ya kitambaa kwa herufi kubwa, na sioni jinsi mtu anavyoweza kutenganisha kitu ambacho mwenyewe amekishona pamoja.

Njia ya kurudi. Iko wazi muda wote. Unaweza kuiacha siku yoyote mbunifu atakapovuka mpaka wako, mradi unaujua mpaka huo ulipo.

Inamfaa nani. Mnunuzi wa mtumba, mwajiriwa anayetaka suti ya usaili, mkusanyaji wa nguo za kihistoria, na mwanafunzi anayetaka kujua jinsi wabunifu hao wawili walivyoichukua lesi nyeusi na shela za wajane wa Sicily wakazifanya nguo za fahari. Ufundi huo hujifunzi kwa kuufumbia macho.

Uchague ipi, kulingana na ulipo

Ikiwa kilichokuudhi ni mtu aliyevishwa, na mbunifu hajasema neno, anza kwa kuchunguza kama nguo ilishonwa kwa maombi au ilinunuliwa tu. Ikiwa ilinunuliwa, huna ugomvi na mbunifu, na njia ya nne inakutosha. Ikiwa ilishonwa, pima kama nyumba hiyo imekuwa ikiwavisha watu wa pande zote. Iliyofanya hivyo kwa miaka mingi ina kaida yake yenyewe, ambayo ni ya kumvisha yeyote anayeingia mlangoni, na unaweza kuiona kaida hiyo kuwa bora au mbaya zaidi kuliko ile ya wenzake.

Ikiwa kilichokuudhi ni maneno au dhihaka, nawe ni mteja wake wa kweli, kususia kwa sharti kuna maana, hasa ukimwandikia mwenye duka ukimweleza sababu na kile kitakachokurudisha. Barua moja ya mteja anayejulikana kwa ununuzi wake ina uzito kuliko mamia ya vikaragosi vyenye hasira. Ikiwa huwezi kumudu hata soksi zake, liache neno "kususia" na uchukue hoja. Ndiyo mali uliyonayo.

Ikiwa unamuunga mkono, tazama ukubwa wake kwanza. Kwa mbunifu mdogo, nunua kitu ambacho ungekivaa hata kama ugomvi usingetokea, na usimtake awe msemaji wako baada ya hapo. Kwa nyumba kubwa, bora utetee kwa maneno haki ya mbunifu kuchagua wateja wake, na uitetee pia kwa aliyekataa kama Theallet, maana ukiitetea kwa mmoja tu utaonekana unamtetea mvaaji.

Kwa aliyeko Ulaya, Marekani au Ghuba na anayefanya kazi katika duka la nyumba inayosusiwa, hakuna njia hata moja kati ya nne iliyoandikwa kwa ajili yake. Anayekuja kumfokea kaunta kwa sababu ya picha aliyoiweka bosi wa Milan amekosea anwani, na mfanyakazi ana haki ya kumwelekeza kwenye ofisi ya huduma kwa wateja na kuendelea kukunja nguo.

Na yule ambaye gauni lilikwisha kulipiwa kabla ya zogo, limetundikwa kabatini likisubiri harusi ya mdogo wake mwezi ujao? Fedha yake ilikwenda zamani na hairudi, kulichoma hakutasikika Milan, na dada zake wote wamekwisha kulipanga katika rangi za sare. Alivae, ila akatafute kabla ya siku hiyo jibu la sentensi moja atakalompa shangazi mwenye simu ya kisasa atakayemuuliza kama hajaona yule mwenye gauni lake amesema nini.